Kabla ya Kuing'oa Redio ya Gari

Ramadhani ya mwaka 2024 ilikuwa haijafika kati pale redio ya pikapu ya ushirika wetu wa wavuvi iliponyamaza. Haikukwaruza wala haikufifia. Asubuhi ilisema, na baada ya adhuhuri haikuwasha hata kitaa chake. Kwa kuwa mwezi wenyewe ulikuwa wa ibada, na kwa kuwa siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, hatukuona kuwa pana jambo. Tuliliona jambo hilo mwanzoni mwa Mei.

Msomaji wa Visiwani hahitaji kukumbushwa siku zile. Kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikuwa baharini upande wa mashariki yetu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa ikitoa taarifa moja baada ya nyingine, hadi kilipofika Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimekwisha kupungua nguvu. Dikoni kwetu watu walikusanyika kwenye pikapu kama ilivyo ada, kwa sababu gari lile, licha ya kubeba samaki kwenda Darajani, ndilo redio ya diko zima. Alfajiri dereva hufungua milango yote miwili, taarifa husikilizwa, na kila nahodha hukata shauri lake. Siku zile milango ilifunguliwa na halikutoka neno. Simu zilikuwapo, ni kweli. Lakini moja haikuwa na chaji, nyingine haikuwa na salio, na ya tatu ilikuwa na picha ya tufani ya nchi nyingine iliyotumwa na mtu asiyejulikana, ikawa watu wazima wamesimama ufukoni wakibishana juu ya picha. Alhamdulillahi, hapana chombo chetu kilichotoka. Walakini hatukusalimika kwa kuarifiwa. Tulisalimika kwa kuwa mzee mmoja aliitazama bahari akasema yeye hatoki, na wenziwe wakamfuata.

Ndipo kamati ya ushirika ilipoitishwa. Fundi wa mjini aliyekuwa ameitazama pikapu alikwisha kutoa hukumu yake: redio imekufa, ni ya zamani, haina vipuri, ing'olewe na itiwe mpya kwa shilingi 180,000 pamoja na ujira. Wanakamati walikuwa wameshakubali. Sisi, ambao tumelelewa katika vikao na tunajua jinsi mkono unavyoinuka upesi pale fedha inapokuwa si ya mtu mmoja, tuliuliza swali moja tu: fundi alipima nini? Hapana aliyejua. Dereva alisema kwamba fundi aliibofya redio mara tatu, akatikisa kichwa.

Tukaomba kwamba kabla ya ushirika kutoa senti, redio hiyo iliyotoka na gari kiwandani ifunguliwe na ipelekwe kwa mtu anayezijua. Dereva akaivua skrubu kwa bisibisi, tukaifunga kwenye kanga kuukuu, tukapanda boti ya asubuhi kutoka Malindi. Nauli tulijilipia wenyewe, na jambo hilo tunalitaja kwa kuwa baadaye tulilaumiwa kwa safari ya bure. Lawama hiyo, kama itakavyoonekana, haikuwa mbali na haki.

Mtu ashukaye botini Dar es Salaam akaelekea Kariakoo kwa miguu hupita Mnazi Mmoja, kisha huingia Mtaa wa Lumumba, ambao kwa sisi wa chama una kumbukumbu za TANU ya mwaka 1954 na za safari iliyotufikisha katika muungano wa vyama viwili Februari 1977. Mbele yake ndiyo Kariakoo yenyewe, iliyorithi jina la kikosi cha wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia. Soko lake kuu, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli, lilikuwa bado limezungushiwa mabati ya mafundi tangu moto wa Julai 2021. Biashara ilikuwa haikusimama kwa sababu hiyo. Ilikuwa imemwagika katika mitaa yote, Msimbazi, Kongo, Swahili, Sikukuu, hadi Gerezani na Shaurimoyo ambako vipuri vya magari vimepangwa hadi barabarani, milango juu ya milango, taa juu ya taa.

Na redio za magari. Hatukuwahi kuona redio nyingi namna ile mahali pamoja, zote zikiwa zimetoka katika magari ambayo wenyewe waliambiwa kuwa zimekufa. Baadhi zilikuwa zikiimba. Tulimwuliza kijana mmoja bei ya redio iliyofanana na tuliyoibeba, akatutajia bei ambayo ilitufanya tuukaze mkoba. Hapo tuliingiwa na fikra ambayo haijatutoka hadi leo: mtu akiambiwa kwamba kitu chake hakifai, na kitu hicho hicho kikauzwa mtaa wa pili kwa fedha nzuri, basi kufa huko kuna mrithi.

Fundi tuliyeelekezwa kwake ni mzee aliyekwisha kupita miaka 60, ambaye meza yake iko chini ya ngazi ya jengo katika upande wa Gerezani. Jina lake tunaliacha kwa kuwa hakutaka sifa. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuuliza habari za Visiwani na habari za bahari, na wakati wote huo mikono yake ilikuwa inafungua kanga. Juu ya meza alikuwa na betri ya gari, mita ya kupimia, kipande cha waya cha urefu wa mita moja, na spika isiyo na sanduku.

Alianza kwa kutuonyesha plagi ya nyuma. Redio ya gari, alisema, hulishwa na nyaya mbili za umeme, na wengi hawajui kwa nini ni mbili. Mmoja ni wa kudumu, unatoka betrini moja kwa moja, nao ndio unaohifadhi saa na vituo vilivyokaririwa hata gari likiwa limezimwa. Wa pili huamshwa na ufunguo. Ukikosekana huo wa ufunguo, redio haiwaki. Ukikosekana wa kudumu, nyingine haziwaki kabisa, na nyingine huwaka lakini kila asubuhi zimesahau kila kitu. Fundi mzembe huunganisha kwa rangi alizozizoea katika redio za madukani, njano ni ya kudumu, nyekundu ni ya ufunguo, nyeusi ni ethi, ilhali Toyota ina rangi zake: wa kudumu ni wa buluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ni wa kijivu, na ethi ni ya kahawia. Akaongeza onyo ambalo tulimwomba alirudie ili tuliandike. Nyaya za spika zisiguse bodi ya gari hata moja. Katika redio nyingi hapana waya wa spika ulio ethi. Yote miwili ina umeme, na ukiugusisha mmoja na chuma huunguza kipande kinachokuza sauti, na hapo ndipo redio hufa kweli kweli.

Kisha akaunganisha. Kitaa kikawaka. Akachomeka ule waya wa mita moja mahali pa eriali, akazungusha, na chini ya ngazi ile, katikati ya makelele ya Kariakoo yote, redio yetu ikaanza kusoma habari.

Hatutaficha kwamba tuliona haya. Mzee alituacha tusikilize kidogo, kisha akasema, bila ya kicheko:

"Ndugu zangu, mmeisafirisha bure. Mgonjwa mmemwacha Unguja. Gari ndilo lingekuja hapa, au mngeniletea majibu ya maswali mawili."

"Maswali gani, mzee?" tukauliza.

"La kwanza, ile taa ya ndani ya gari, ya juu ya kichwa, inawaka?"

Dereva akasema inawaka.

"Basi waya wa kudumu una umeme, kwa kuwa katika magari mengi ya aina hiyo taa hiyo na kumbukumbu ya redio hutumia fyuzi moja. La pili, kile kitundu cha kuwashia sigara kinafanya kazi?"

Dereva akanyamaza. Kitundu kile, kama ijulikanavyo, hakiwashi sigara ya mtu siku hizi. Ndimo watu wanamochajia simu. Akakumbuka kwamba kilikatika mwezi wa Ramadhani. Tulipombana akakumbuka na siku: kijana mmoja alichomeka kichajio cha bei rahisi kilichokuwa kimevunjika ncha, ikatoka cheche, na tangu saa ile hakuna simu iliyochaji wala redio iliyosema. Hapana hata mmoja wetu aliyeyaunganisha mambo hayo mawili, ingawa yalitokea katika nafasi ya dakika moja na katika shubiri moja ya dashibodi. Kitundu na redio vinakula fyuzi moja. Fyuzi ya ampea 15, ambayo bei yake haifiki bei ya kikombe cha kahawa.

Tulidhani mambo yamekwisha. Mzee akauliza swali jingine, ambalo hatukulitarajia: kabla ya kufa, ilikuwa ikipata vituo vingapi?

Hapo dereva alipata la kusema. Tangu siku ya kwanza gari lile lilipofika kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, redio yake ilikuwa ikipata vituo viwili vitatu tu vya FM, tena kwa kukwaruza, na vingine vyote vilivyosikika majumbani havikuonekana humo. Tulizoea. Tulisema ni redio ya zamani. Wengine walisema Visiwani mawimbi ni hafifu, na kisa hicho kikageuka malalamiko ya kisiasa katika vikao, watu wakinung'unika kwamba mitambo ya utangazaji imetupa mgongo. Sisi wenyewe tumewahi kulipeleka suala hilo mbele kwa maandishi.

Ukweli ni huu, nao unawahusu maelfu ya wenye magari. Nchini Japani matangazo ya FM yalipangwa tangu zamani kati ya megahezi 76 na 90. Kwetu, pamoja na nchi za Afrika na Ulaya zilizofuata mpango uliowekwa Geneva mwaka 1984, FM iko kati ya 87.5 na 108. Redio iliyoundwa kwa ajili ya mnunuzi wa Japani inaishia 90. Kwa hiyo katika uwanja wetu wote wa megahezi 20.5 inasikia megahezi 2.5 tu za mwanzo, yaani kama sehemu moja katika nane. Wajapani hawakuwa na kosa. Nafasi ya 90 hadi 108 kwao ilikuwa ya chaneli za kwanza tatu za televisheni, na ndiyo maana baadhi ya redio za magari yao ya zamani zina kitufe cha kusikilizia sauti ya televisheni. Waliizima televisheni ya mtindo huo mwaka 2011, na katika mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko na tsunami wakaizima mwaka 2012. Kisha kuanzia mwaka 2014 wakaanza kuruhusu vituo vya FM hadi 95. Lakini gari lililotoka kiwandani kabla ya hapo halijui habari hiyo, na hata mengi yaliyotoka baadaye hayafiki 108.

Hiyo si hitilafu, wala haipatikani kwa kupima fyuzi. Ndiyo maana inawatesa watu. Mtu hubadili eriali, hubadili spika, humlipa fundi mara tatu, na redio inaendelea kuwa nzima na kiziwi.

Dawa yake iko Kariakoo, nayo huitwa ekspanda. Ni kikopo kidogo, kama kiberiti kwa ukubwa, kinachoingia kati ya waya wa eriali na mgongo wa redio. Kazi yake ni kutoa. Ikiwa ni ya megahezi 15, huchukua kila wimbi linaloingia na kulishusha kwa 15, hivyo kituo kilichoko 98 huonekana katika 83, na cha 91 huonekana katika 76. Hesabu hii si ya ajabu, kwani redio nyingi za FM hufanya mfano wake ndani, zikishusha mawimbi hadi megahezi 10.7 kabla ya kuyageuza sauti. Ajabu ni kwamba muuzaji hatakueleza upungufu wake. Ukiitia ya 15 utapata vituo vya 91 hadi 105, lakini vile vya 88 na 89 ulivyokuwa ukivisikia tangu mwanzo vitashuka hadi 73 na 74, chini ya mwanzo wa redio, navyo vitapotea. Tulimwona mteja aliyekuja kulalamika kwa jambo hilohilo tulipokuwa tumeketi. Alikuwa amelipa ili apate kituo kimoja na amempoteza mtangazaji wake wa kila siku. Kadhalika kuna za bei ya chini ambazo joto la dashibodi huzisogeza, asubuhi kituo kiko 83 na mchana kimehamia, au vituo viwili vinasemea mahali pamoja kama mashahidi wasiopatana.

Mzee alitutaka tumtajie vituo tunavyovihitaji na mahali vilipo. Dereva akavitaja, kwa kuwa nyumbani kwake ana redio ya kawaida, na mzee akaviandika kwa kalamu ya wino juu ya kipande cha boksi, safu mbili, upande mmoja namba halisi na upande wa pili namba ya kubofya. Akachagua ekspanda ambayo ikikatiwa umeme hupitisha mawimbi kama yalivyo, akaitia swichi ndogo. Ikiwashwa, vituo vya juu. Ikizimwa, vya chini. Alitufungia pamoja na fyuzi kumi, tano za ampea 15 na tano za ampea 10, akakataa kutupa yoyote ya 30 ingawa dereva aliiomba akidhani kubwa ndiyo imara. Fyuzi kubwa, alisema, haikatiki. Kinachokatika ni waya, na waya unapokatika kwa moto hauchagui unapoishia.

Tulipomwuliza deni letu, alitutoza ekspanda, swichi na fyuzi. Kazi ya kuipima redio hakuitoza. Alisema haikuwa na kazi.

Tuliporudi, tulimchukua kijana wa shehia anayefunga umeme majumbani, mwenye mita yake. Fyuzi ilikuwa imekatika, kama ilivyosemwa kutoka ng'ambo ya bahari na mtu ambaye hakuliona gari. Tulipoitia nyingine redio ikawaka, lakini ikatoa mvumo mtupu, na kwa dakika chache waliotuzunguka walianza kukumbusha bei ya redio mpya. Tukafuata maagizo ya mwisho ya mzee, yaliyohusu eriali. Kutoka ncha ya eriali hadi sindano ya katikati ya plagi yake mita ionyeshe kuwa njia iko wazi. Kutoka eriali hadi bodi ya gari isionyeshe njia yoyote. Na kutoka ganda la plagi hadi bodi ionyeshe njia tena. Mawili ya kwanza yalikuwa sawa. La tatu halikuwa.

Eriali ya pikapu ile imefungwa ubavuni mwa boneti, na kitako chake hushikana na chuma cha gari kwa njia ya skrubu moja. Tulipoifungua tulikuta ukoko wa kijani na kutu, kama vile jambo la miaka mingi. Kwetu Visiwani hilo halina haja ya maelezo marefu. Gari linalala ufukoni, upepo unaleta chumvi, na pikapu inayobeba samaki na barafu inatiririsha maji ya chumvi hadi chini ya mazulia. Nyaya za ethi ndizo zinazokufa kwanza. Tulipiga msasa hadi chuma kikang'ara, tukapaka grisi juu, tukafunga. Baada ya hapo ekspanda ikatiwa, na mambo yakawa kama mzee alivyoyaandika kwenye boksi. Ulibaki mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Huo unatoka kwenye altaneta, na bado tunao. Hauzuii kusikia.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu wasomaji wa safu hii ni pamoja na watendaji wa serikali, na tunawaomba watuvumilie. Tangu safari ile tumekuwa na tabia ya kuchungulia ndani ya magari ya ofisi yanapoegeshwa. Si tabia nzuri, lakini ina manufaa. Tumeona dashibodi zenye tundu jeusi mahali pa redio, nyaya zikining'inia na zimefungwa kwa plasta ya kidonda. Tumeona nyingine zenye redio mpya ya kumetameta ambayo kitufe chake cha sauti kimekwisha kung'oka. Redio zilizotoka humo ziko wapi? Ile iliyotoka na gari kiwandani ilinunuliwa pamoja na gari. Ikitolewa, haifai kuishia katika mkoba wa aliyeitoa. Inapaswa kurudi ghalani na kuandikwa, kama tairi na kama betri. Na kabla ya kutolewa, aliyetoa hukumu aandike alichopima. Maneno matatu yanatosha: fyuzi, ethi, eriali. Karatasi isiyo na maneno hayo isitiwe saini.

Wanaonunua magari nao wana sehemu yao. Pikapu mpya zinazoundwa Thailand au Afrika Kusini kwa ajili ya masoko yetu huja na redio ya 87.5 hadi 108, na hazina matata haya. Zilizotumika kutoka Japani ndizo zenye matata, na hali ya uchumi wetu inatufanya tuendelee kuzinunua. Hatuoni ubaya. Lakini hati ya ununuzi inayotaja ukubwa wa injini, idadi ya viti na rangi ya gari inaweza kuongezwa mstari mmoja unaotaja masafa ya redio, ili gharama ya ekspanda ijulikane mapema na isije baadaye kwa jina la redio mpya. Wenye kirikuu nao watazame vyema, kwani baadhi ya magari hayo madogo yalitoka kiwandani na redio ya masafa ya kati peke yake, isiyo na FM kabisa. Hiyo haina ekspanda wala dawa, na mwenye kuihitaji FM abadilishe kwa amani ya moyo.

Neno moja pia kwa magari ya karibuni, yale yenye kioo badala ya vitufe. Baadhi ya redio zake hujifunga zinapokatiwa betri, zikadai namba ya siri au kadi ya ramani iliyobaki Japani, tena kwa maandishi ya Kijapani. Fundi anayetaka kufungua betri ya gari la namna hiyo aulizwe kwanza kama anajua litakavyofunguliwa. Tunajua ofisi moja ambayo ilibadilishiwa betri na ikalipia redio.

Na ikiwa tunao vijana wanaojifunza umeme katika Taasisi ya Karume pale Mbweni, na katika vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, kwa nini wasipewe magari mabovu ya idara wakayapima kama sehemu ya masomo yao? Yule kijana wa shehia yetu hakuwahi kugusa redio ya gari kabla ya siku ile. Alikuwa na mita, na aliambiwa aanzie wapi.

Katika kikao kilichofuata, zile shilingi 180,000 ziliamuliwa zinunue jaketi za kujiokolea, na mjumbe mmoja akataka iandikwe katika kumbukumbu kwamba makada walisafiri hadi Dar es Salaam na redio nzima ndani ya kanga. Iliandikwa, nasi tulitia saini. Kipande cha boksi cha mzee wa Gerezani kimebandikwa juu ya kioo cha mbele, wino wake umepauka kwa jua, na dereva hakihitaji tena. Alfajiri milango miwili inafunguliwa. Katika zile fyuzi kumi tumekwisha kutumia mbili, kwa kuwa watu bado wanachaji simu.